Hema la Turubai na Gari la Mkate

Mama yangu alikuwa amelala nje ya nyumba yake mara nyingi, lakini hakuwahi kulala nje kwa furaha. Alilala hospitali kule Nkubu akimuuguza baba, kisha shangazi, kisha mtoto wa jirani ambaye mamake alikuwa amechoka. Alilala kwenye matanga ya watu, juu ya mikeka na magunia, akiimba nyimbo za kanisa mpaka sauti ikamkauka. Mbali na hayo alilala kwake, huku juu kwenye majani chai, na kulipokucha akachukua kikapu akaenda kuchuma.

Siku moja tulikuwa tumekaa nje tukichambua maharagwe, yeye, mimi na dada yangu mkubwa aliyeolewa Embu. Mama akasema bila kuinua macho:

"Kabla magoti yangu hayajakataa kazi, nataka nilale mahali ambapo hakuna mgonjwa wala maiti. Niamke nione kugeni, ninywe chai, nirudi nyumbani."

Dada akacheka. "Mama, sasa unataka kuwa mtalii?"

"Sijui mtalii hutaka nini. Mimi nimesema ninachotaka."

Akatupa kijiwe alichokipata kwenye maharagwe. Lakini mimi namjua mama. Jambo akilitamka, ujue amelibeba miaka. Na likishindikana mara moja, halitaji tena. Alipotaka kujifunza kusoma Biblia mwenyewe, darasa la watu wazima lilifungwa kabla hajamaliza herufi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akilitaja.

Dada alilibeba neno hilo mpaka Embu kwa mumewe. Shemeji yangu ni fundi wa magari, mtu wa mzaha, na wakati huo alikuwa amemaliza kutengeneza gari ambalo lilikuwa kipenzi chake. Zamani lilikuwa gari la kusambaza mkate madukani. Alilinunua likiwa limekufa injini, akalifufua, kisha akageukia ndani. Aliweka kiti kirefu kinachofunguka na kuwa kitanda, kabati za mbao, jiko la gesi, tangi la maji lenye mfereji wake, na mapazia yenye maua. Nje aliacha ile picha ya mkate iliyochorwa ubavuni, kwa sababu alisema mkate haumkoseshi mtu heshima. Watu wa mtaa wao waliliita Konokono, maana lilitembea na nyumba mgongoni. Lilikuwa gari zuri. Nasema hivyo kwanza ili mtu asidhani nitakaloandika hapa ni la wivu.

Shemeji alituma habari: atamchukua mama, tushuke wote mpaka nchi ya joto, tulale Ishiara, kisha tufike bwawani kuona maji makubwa. Mama alipoambiwa aliuliza kama kule kuna mbu, kisha akaingia ndani kutafuta leso yake nzuri.

Hapa inanibidi nieleze jambo moja la kwetu. Mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani machoni, na mama hawezi kukanyaga chumba chenye kitanda cha mkwe wake, wala mkwe chenye cha mama. Hiyo si chuki. Ndiyo heshima nzito kuliko zote tulizo nazo. Siku hizi wengine wameilegeza, wanapiga picha pamoja kwenye harusi na kucheka, lakini mama yangu hakulegeza chochote, na shemeji, ingawa ni mtu wa Embu, kwao ni vilevile. Walipotaka kuambizana neno, walilipitisha kwa mtu mwingine, hata kama wamesimama hatua chache kutoka mmoja kwa mwenzake.

Sote tulilijua jambo hili kama tunavyojua njia ya kwenda mtoni. Tukapanga safari. Tukafikiria unga, maji, tairi la akiba na dawa ya magoti. Tukafikiria hata mahali mama atakapokaa, nyuma kabisa, ili asiwe anatazama shingo ya mkwe wake safari nzima. Na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria usiku. Dada alisema tu, "Tutalala kwenye gari," na mama akaitikia, kwa sababu yeye alikuwa amewahi kwenda Nairobi kwa basi la usiku, na kulala kwenye gari kwake kulikuwa ni kusinzia ukiwa umeketi, mkoba kifuani, kama abiria.

Mimi nilisema nitalala kwenye hema langu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane miaka michache nyuma, nikapata kazi Nkubu mahali wanaposhona maturubai ya malori na vivuli vya vibanda vya soko. Kazi hiyo ilinifaa. Mimi ni msichana ambaye akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja hajui amjibu nani kwanza, na turubai halisalimii. Unakaa nalo mapajani, unalisukumia sindano ile nene, siku inaisha. Vipande vilivyobaki niliruhusiwa kuvichukua, na kidogokidogo nikashona hema. Upande mmoja ulikuwa wa kijani, mwingine wa buluu iliyopauka, na mlangoni kulikuwa na kipande chenye nusu ya gurudumu lililochorwa na mtu nisiyemjua. Uzi niliupaka nta ya nyuki. Mishono yote niliipitia mara mbili. Sakafu niliiunga na kuta ili nyoka na siafu wasipate pa kuingilia. Nguzo zilikuwa za mianzi, na vigingi vilikuwa vipande vya chuma cha ujenzi alivyonipindia fundi wa kuchomelea.

Nililala humo mara kadhaa nyuma ya nyumba yetu, kando ya migomba, na majirani wakacheka sana. Shemeji naye alipoliona nimelifunga juu ya gari lake siku ya kuondoka, alizunguka akilitazama.

"Shemeji, hiyo ni hema ama ni nguo ya lori?"

"Ni hema."

"Basi lori likija kudai nguo yake, mimi simo."

Nilicheka kwa sababu lilichekesha. Lakini moyoni nilijua mishono yangu.

Tulishuka kupitia Mitunguu. Mtu wa huku juu akishuka upande ule, nchi inamvua nguo. Mama alivua sweta ya kwanza kabla ya migomba kwisha, ya pili tulipoanza kuona vumbi, na kitambaa cha shingoni mtama ulipoanza. Dada alikuwa na kichefuchefu, amefunga macho. Kwa hiyo kazi ya kupitisha maneno ikaniangukia mimi nisiyependa kusema.

"Mwambie huyo anayeendesha apunguze mwendo," mama alisema. "Mashimo yanatupiga."

Shemeji alikuwa amesikia. Sote tulikuwa tumesikia. Lakini hakuweza kujibu neno ambalo halijamfikia. Alikaza macho barabarani, akingoja.

"Shemeji, mama anasema upunguze."

"Kumbe! Mwambie mama nimepunguza."

"Mama, amepunguza."

"Nimeona," mama akasema.

Tukaenda hivyo mpaka Ishiara. Siku hiyo nilisema maneno mengi kuliko ninayosema kwa mwezi.

Mahali tulipoenda kulala palikuwa shamba la mtu ambaye shemeji alimtengenezea pikapu wakati fulani. Lilikuwa nje kidogo ya soko, kando ya kijito chenye mchanga mwingi na maji machache, chini ya migunga. Mwenye shamba hakuwepo. Mkewe alitupokea, akamtazama mama, akatazama leso zetu, akaweka mkono shavuni.

"Poleni sana. Msiba ni wa nani?"

"Hakuna msiba," mama akasema.

"Basi ni mgonjwa?"

"Hata mgonjwa hakuna. Tumekuja kulala tu."

Mwenyeji akashangaa. "Kulala? Kwani kwenu hakuna vitanda?"

Mama alicheka mpaka akashika mti. Alikuwa hajacheka hivyo tangu baba afe, na nikafikiri safari imeshafaulu.

Jua lilipokuwa likizama tulikuwa tumekula, mama na mimi upande mmoja wa moto, dada na mumewe upande wa pili wa gari. Dada akaingia kuandaa pa kulala. Alivuta kile kiti kirefu kikafunguka, akatandika shuka nyeupe na mito miwili aliyoifuma maua mwenyewe, akawasha taa ndogo. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kuita.

"Mama, njoo uone. Wewe utalala hapa juu kitandani, sisi hapa chini sakafuni."

Mama alikwenda mpaka mlangoni. Aliona shuka, mito, na suruali ya shemeji imetundikwa kwenye msumari. Alirudi nyuma haraka kama mtu aliyekaribia kukanyaga makaa, akageuza uso.

"Hicho ni chumba cha mkwe wangu," akasema.

"Mama, hili ni gari."

"Mchana lilikuwa gari."

Hapo ndipo sote tulipoona kosa letu. Shemeji, aliyekuwa akikagua tairi, aliinamia lile tairi zaidi, akawa analishika kana kwamba linavuja. Dada alishuka, mikono kichwani.

"Basi yeye atalala nje. Atalala chini ya gari. Wewe uingie."

"Nimfukuze mtu kitandani pake? Na akishatoka, hicho kitakuwa kitanda cha nani?"

Mama alifunga leso yake vizuri, akachukua mkoba. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alimgeukia mke wa mwenye shamba, aliyekuwa ametuletea kuni.

"Kuna gari la kupanda Chuka saa hizi?"

"Saa hizi? Labda la miraa, na hilo halimsimamii mtu."

"Basi nipe kiti, nikae hapa mpaka asubuhi. Kukicha nirudi nyumbani."

"Lala kwangu, mama. Nina nafasi."

"Asante sana, mwanangu. Lakini kulala katika nyumba za watu nimelala sana."

Alisema hayo kwa upole, na nikajua jambo limefungwa. Angekaa kwenye kiti kama anavyokaa kwenye matanga. Asubuhi angerudi kwenye majani chai, na neno lile la kulala mahali pageni lingezikwa na darasa la Biblia. Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno yote. Lakini dada alikuwa anasema, yule mama wa shamba alikuwa anasema, na mimi watu wakiwa wanasema hunipotea pa kuingilia.

Kwa hiyo nilipanda juu ya gari nikashusha hema.

Nilichagua pahali penye mchanga mgumu, mbali na gari, nikaanza. Nilitandaza sakafu, nikapigilia vigingi vya pembe nne kwa jiwe, nikasimamisha mwanzi wa mbele, kisha wa nyuma, nikakaza kamba. Nilipoinua kichwa watu walikuwa wamenyamaza. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake.

Hakuniuliza ninafanya nini. Alishika mshono kati ya kidole gumba na cha shahada, vile anavyoshika jani la chai kujua kama limekomaa.

"Umeshona mara mbili?"

"Mara mbili, mama. Na nta."

"Nyoka?"

"Sakafu imeshonwa pamoja na kuta."

Alizunguka lote. Aliinama akatazama ndani, polepole, kwa sababu ya magoti. Ndani hamkuwa na kitu cha mtu yeyote ila blanketi langu.

"Na mlango unatazama wapi?"

Ulikuwa unatazama gari.

"Geuza."

Nikang'oa vigingi vyote nikaanza upya. Hakuna aliyecheka. Na nikiwa napigilia tena, nikasikia injini ikinguruma taratibu. Bila kuambiwa na mtu, shemeji alilisogeza Konokono mpaka ng'ambo ya migunga, akaligeuza likatupa mgongo. Alilipeleka polepole sana, kama mtu anayetoka kanisani watu wakiwa katika maombi. Kwa tendo hilo nilimpenda zaidi kuliko kwa mizaha yake yote.

Mama alivua viatu, akavipanga mlangoni, akaingia kwa magoti. Hema lilikuwa la mtu mmoja. Tulilala yeye kichwa upande huu na mimi upande ule, miguu yake karibu na bega langu.

"Humu mnanuka kama lori la viazi," akasema.

"Ni turubai, mama."

"Sijasema ni kubaya."

Akaweka kiganja sakafuni. Akaniambia niweke na mimi. Udongo chini yetu ulikuwa bado na joto la mchana, ukilipitisha kwenye turubai kidogokidogo, kama sufuria iliyoondolewa mekoni. Huku kwetu juu udongo haufanyi hivyo. Kisha akaanza kusikiliza. Alisema yule mbuzi anayekohoa ana vumbi tu, si ugonjwa. Alisema maji ya kijito yanapita kwenye mawe mawili, si matatu. Akaanza kusali, akawataja watu wa nyumbani mmoja mmoja, akamtaja na mwenye gari, na katikati ya sala sauti ikakatika. Alikuwa amelala kabla ya amina. Amina niliisema mimi.

Asubuhi jua lilipogonga turubai, upande mmoja wa uso wa mama ulikuwa wa kijani na mwingine wa buluu. Alikuwa macho, akitazama juu, hataki kuamka. Sijawahi kumwona mama yangu akiwa macho na amelala vilevile. Nyumbani akifungua macho huwa tayari ana ufagio.

Kule ng'ambo mlango wa gari ulifunguliwa kwa nguvu. Nilitoka nikamkuta dada ameketi kwenye ngazi, amelowa jasho, nywele zimemganda usoni.

"Tumeiva," akasema. "Bati lile limetunza joto mpaka alfajiri."

Shemeji alikuwa ananawa uso kwenye mfereji wake. Alinipungia mkono, akaongeza sauti kidogo, ili neno lifike bila kufika.

"Shemeji, mwambie mama sisi tumetoka kwenye tanuri. Mkate uko tayari!"

Nyuma yangu hema lilitikisika. Mama alikuwa anacheka ndani ya leso. Alipopata pumzi akasema:

"Mwambie mkate ukikaa sana kwenye tanuri hukauka. Leo alale madirisha wazi."

Nimefikiri sana juu ya hema na gari tangu wakati huo. Gari lina mazuri yake na sitayaficha. Chai huiva upesi kwenye gesi. Mvua ikija hukimbii kukusanya kitu. Sukari haiingiwi na sisimizi, na ukitaka kuondoka unawasha tu unaondoka, na nyumba yako iko nyuma yako. Kwa mtu mwenye watoto wadogo, au mgonjwa wa kifua, mimi mwenyewe ningemwambia achukue gari.

Lakini gari linakwenda na mambo yako yote. Lina kabati lako, suruali yako kwenye msumari, ukubwa na udogo wako katika ukoo. Hata likifika Ishiara, ndani yake ni Embu. Hema ukilikunja halina kitu. Ukilisimamisha linakuwa la yule aliyeingia, na mahali lilipo panaingia pamoja naye, harufu ya mchanga, joto la udongo, kikohozi cha mbuzi. Na kuna furaha nyingine ambayo mwenye gari haipati, nayo ni ya kusimamisha nyumba kila jioni. Unaanza na kifurushi, na jua likizama una mlango. Mimi ambaye sina kiwanja wala kuta, jioni zile nilijiona mjenzi.

Siku ya pili tulipita Siakago na Kiritiri tukashuka mpaka bwawani. Mama alipoona maji yale alisimama, kiganja juu ya macho. Kwetu maji ni ya kuruka au kuvuka kwa daraja la magogo, lakini haya yalikuwa yamelala kati ya vilima kama anga iliyoanguka. Watu wa pale walituonya tusikae kwenye majani ya chini kwa sababu viboko hupanda kula, wakatuelekeza kwenye kiwanja cha kanisa, juu ya mwinuko wenye mawe.

Safari hii mama hakungoja nishushe hema. Alitembea kiwanjani akipima kwa macho.

"Hapo hapana, kuna njia ya siafu. Hapo maji ya mvua hupita, tazama mchanga ulivyochorwa. Hapa."

Akachukua jiwe, akapigilia vigingi viwili yeye mwenyewe. Kimoja kilipinda. Alikinyoosha akakipiga tena, akikikaripia kwa Kimeru. Dada alikuja na blanketi lake mkononi.

"Leo na mimi nalala humu."

"Rudi kwa mume wako," mama akamwambia. "Hema hili halikushonewa watu wenye nyumba."

Tulilala pale. Asubuhi, baada ya chai, shemeji alipigiwa simu na mteja aliyekuwa anangoja gari lake kule Embu. Ilibidi aende. Dada akakunja kitanda kikawa kiti, akafunga kabati, akaja kwetu.

"Mama, tunaondoka. Tutakupeleka nyumbani kwanza."

Mama alikuwa ameketi mlangoni pa hema, miguu ameinyoosha juani. Hakuinuka.

"Mwambie aende."

"Aende wapi?"

"Kazini. Mimi sijamaliza."

"Hujamaliza nini, mama?"

"Kulala."

Dada alisema mengi. Alisema viboko, alisema wezi, alisema wanawake wawili peke yao, alisema magoti. Mama alimwonyesha nyumba ya mwinjilisti kando ya kanisa, na wanawake waliokuwa wakifagia kiwanja. Kisha akanionyesha mimi. "Na huyu je? Si ndiye aliyejenga?"

Shemeji alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, akisikia yote. Akaniita.

"Mwambie mama nitarudi Jumamosi. Ninawaachia mtungi wa maji na jiko la gesi."

"Mama, anasema—"

"Mwambie jiko aende nalo. Maji aache."

Konokono liliteremka na ile picha yake ya mkate, likapotea nyuma ya miti. Tukabaki sisi na hema. Nilidhani nitaogopa. Badala yake nilikusanya mawe matatu, nikawasha moto, na mama akanunua samaki kwa wavuvi, akashangaa miiba yake, akamla akammaliza.

Siku zile hatukufanya jambo kubwa. Tulitazama maji yakibadilika rangi. Tuliosha leso. Mama alilala mchana, jambo ambalo nyumbani angeliita ugonjwa. Wanawake wa kanisa walikuja kutusalimu, wakasimama mbele ya hema wakiuliza kwa Kimbeere, na mama akawajibu kwa Kimeru, wakaelewana kwa yale yanayofanana.

"Limenunuliwa wapi?"

"Halikununuliwa. Ni huyu. Mnamwona amenyamaza hivi? Ndiye aliyeshona. Muulizeni uzi ameupaka nini."

Wote wakanigeukia. Walikuwa wengi. Nilihisi masikio yakipata moto kama kawaida yangu.

"Nta," nikasema.

"Nta ya nini?"

"Ya nyuki. Unaipasha kidogo, unavuta uzi ndani yake kabla haijaganda." Nikawageuzia ukingo wa hema ili waone. "Kisha unashona mara ya kwanza kutoka nje, na ya pili kutoka ndani, ili tundu la sindano lisikutane na lenzake."

Wakaja mmoja mmoja kushika mshono. Mmoja akauliza kama naweza kumshonea la kulindia mtama, ndege wanamsumbua. Nikamwambia naweza, ila ninashona polepole. Akasema mtama nao hukua polepole. Mama alikuwa amekaa pembeni akitazama maji, amejifanya hasikii, na alikuwa amenyoosha shingo kama mtu anayepigwa picha.

Jumamosi gari lilikuja. Lilisimama mbali, likapiga honi mara moja kwa adabu. Nilianza kung'oa vigingi, lakini mama akanizuia.

"Mwambie anywe chai kwanza."

Shemeji akaja mpaka kwenye jiwe kubwa lililo njiani, akaketi akitupa mgongo, uso kwenye maji. Nilimpelekea kikombe na kipande cha kiazi kitamu. Alikunywa polepole. Alitazama maji, akatazama moto wetu kwa pembe ya jicho, na nguo zetu juu ya kamba.

"Shemeji," akaniambia, "mwambie mama kwake ni pazuri."

Nilimpelekea mama neno hilo kama lilivyo. Aliinamisha uso, akashughulika na fundo la leso.

"Mwambie karibu."

Alipomaliza chai alisimama, akataka kuja kusaidia kufungua hema ili tuwahi, maana dada alikuwa anatungoja Embu. Alipiga hatua mbili akasimama. Blanketi la mama lilikuwa ndani, na viatu vyake mlangoni. Shemeji alicheka mwenyewe, akatikisa kichwa, akarudi kuketi kwenye jiwe lake.

"Basi nangoja," akasema.

Nilianza kulikunja. Nilitoa kwanza vitu vya mama, nikapangusa mchanga, nikalaza mwanzi wa mbele na wa nyuma, nikaukunja upande wa kijani juu ya ule wa buluu. Sikuharakisha hata kidogo, na mwenye gari akangoja.